Maswali Yenu: Likizo Kisiwani Rhodes, Ugiriki

Mimi na mume wangu tunataka wiki moja Rhodes. Tunaweza kwenda Julai au Septemba. Kipi bora, na hoteli tuchukue upande gani wa kisiwa? (Msomaji, Mombasa)

Nendeni nusu ya pili ya Septemba. Julai na Agosti bei hupanda, mji mkongwe hufurika abiria wa meli za kitalii, na meltemi, upepo wa kaskazini, huvuma karibu kila siku. Watu wengi husifu Mei, na kweli hali ya hewa ni nzuri, ila bahari bado haijashika joto. Maji huwa kama nyuzi 20, na aliyezoea kuogelea Nyali atatoka anatetemeka. Septemba bahari imeshapata jua la kiangazi kizima, huwa yapata nyuzi 25. Oktoba ikiisha, hoteli nyingi za ufukweni hufunga milango mpaka Aprili.

Meltemi hupiga pwani ya magharibi, ndiyo maana Ixia na Ialysos zina mawimbi na hupendwa na wachezaji wa ubao wa tanga. Maji matulivu yako mashariki: Faliraki, Tsambika, Lindos. Laleni siku 4 mjini Rhodes na zilizobaki mashariki. Tengeni pia pesa ya kodi ya serikali inayolipwa hotelini. Kati ya Aprili na Oktoba hoteli ya nyota 4 hutoza euro 10 kwa chumba kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei mliyoiona mtandaoni.

Naomba mwongozo wa visa. Pia, naweza kuvuka kwenda Marmaris, Uturuki, nikarudi jioni? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ombi la visa ya Schengen (visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo) hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Usisubiri hizo siku 15, maana kabla ya kiangazi nafasi za miadi hujaa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na muda wake uzidi tarehe ya kuondoka kwako kwa miezi 3. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na ukikataliwa hairudi.

Kinachowaangusha wengi ni karatasi zisizokubaliana: hoteli inasema tarehe hii, bima tarehe ile, barua ya likizo ya mwajiri tarehe nyingine. Pesa nyingi iliyoingia benki ghafla wiki moja kabla ya ombi nayo huzua maswali. Tiketi ya ndege shikilia nafasi tu, usiilipie mpaka visa itoke.

Kuhusu Marmaris, tafadhali soma kwa makini. Ukivuka, umetoka Schengen. Kama visa yako ni ya kuingia mara moja, imeishia hapo hata kama siku zimebaki, na hutaruhusiwa kurudi Rhodes ingawa begi lako liko hotelini. Omba visa ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, na utimize masharti ya kuingia Uturuki. Ukitaka safari ya boti isiyo na mashaka, nenda kisiwa cha Symi. Hiyo ni Ugiriki.

Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Ataweza kupanda ngome ya Lindos? Na tutaswali wapi? (Msomaji, Muscat)

Kupanda mpaka juu hatumshauri mama. Akropoli ya Lindos, yaani ngome hiyo, iko juu ya mwamba wa mita 116, ngazi ni nyingi, na mawe yake yamelainishwa na nyayo mpaka yanateleza hata yakiwa makavu. Kushuka ndiko kubaya zaidi kwa magoti. Punda wa kukodi hawafiki juu kabisa, na kumpandisha mzee juu ya mnyama kwenye mteremko ule ni hatari.

Chukueni basi la KTEL (mabasi ya mikoani ya Ugiriki) karibu na bandari ya Mandraki mjini Rhodes, safari ya takriban kilomita 50, mapema iwezekanavyo ili mfike ngome inapofunguliwa. Mama abaki kivulini kijijini na mmoja wenu. Wengine wapande na viatu vya soli ya mpira na lita moja ya maji kila mtu, kwani juu kivuli ni cha kutafuta. Msikipite chombo cha baharini kilichochongwa mwambani chini ya ngazi za mwisho. Kina zaidi ya miaka 2,000.

Msikiti wa Ibrahim Pasha, wa karne ya 16, uko ndani ya mji mkongwe. Kwenye chakula, souvlaki, mishikaki ya Kigiriki, mara nyingi ni nguruwe. Mkisikia “khirino”, ndiye huyo. Samaki wa kuchoma ni salama zaidi.

Nasikia Wayahudi wa hapa kwetu walitoka Rhodes. Kuna cha kuona? (Msomaji, Lubumbashi)

Ni kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 familia nyingi zilihama kisiwa hicho kwenda Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Julai 1944 Wanazi waliwapeleka kambi ya mauaji ya Auschwitz zaidi ya watu 1,600 kati ya waliobaki, na wachache sana walinusurika. Anzia sinagogi la Kahal Shalom, la mwaka 1577, lenye makumbusho yake. Usiende Jumamosi, hufungwa. Hatua chache kutoka hapo ni uwanja wa kumbukumbu ya waliouawa. Makaburi yako nje ya kuta, barabara ya Kallithea, hivyo panda teksi.