Maswali ya Wasomaji: Paka wa Kulea kwa Muda

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu waliopokea paka kutoka vikundi vya uokoaji. Wengine wanawalea kwa muda hadi paka apate kwao, wengine wamemchukua awe wao kabisa. Tumechagua sita. Wanaojibu ni daktari wa mifugo na mratibu wa walezi wa muda.

SWALI: Habari za kazi. Kikundi kimenipa watoto watatu wa paka, hawajafumbua macho, mama yao kagongwa na gari. Nawapa maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Wawili wanaharisha, wa tatu amepoa mwili na hanyonyi. Nimlazimishe?
Mama wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Usimlazimishe, mama. Aliyepoa ndiye wa kuanza naye, lakini kwanza anahitaji joto, chakula baadaye. Mtoto wa paka wa wiki ya kwanza hawezi hata kutetemeka ajipashe joto. Mwili wake ukishuka chini ya nyuzi 35, utumbo unasimama. Maziwa utakayompa yatachachia tumboni au yataingia kwenye mapafu. Wengi wanaofia mikononi mwa walezi wapya hufa hivyo, wakiwa wameshibishwa.

Jaza chupa ya plastiki maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia, izungushie kanga, uiweke upande mmoja wa boksi ili anayezidiwa na joto aweze kusogea mbali nayo. Au mweke kifuani pako, ndani ya nguo. Mpashe polepole kwa saa moja hadi mbili. Usimtumbukize kwenye maji ya moto. Mpake tone la maji ya sukari kwenye fizi. Akishapata joto na bado hanyonyi, ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, na hao wanaoharisha wafuatane naye, kwani kwa umbo lile maji ya mwili huisha ndani ya saa chache.

Maziwa ya ng'ombe yaache. Protini na mafuta yake ni haba kwa paka, na sukari yake ndiyo inayowaharisha. Nunua maziwa ya unga ya watoto wa paka kwenye duka la dawa za mifugo. Ya mbuzi yanaweza kukuvusha usiku mmoja tu. Kipimo ni kama mililita 8 kwa kila gramu 30 za uzito kwa siku nzima. Mtoto wa gramu 100 anahitaji takribani mililita 27, ukizigawa kwa milo minane ni mililita tatu na nusu hivi kila mlo. Wiki ya kwanza lisha kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku pia. Kikundi kilichokupa watoto wa umri huu bila kukueleza habari ya usiku hakikukutendea haki.

Mlishe akiwa amelalia tumbo, kichwa kimeinuka kidogo. Ukimlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maziwa yanakwenda mapafuni. Chuchu ya chupa ukiigeuza chini idondoshe tone tone; ikimwaga, tundu ni kubwa mno, na utayaona maziwa yakitokea puani. Kwa bomba la sindano sukuma kidogo, ngoja ameze. Baada ya kila mlo mfute sehemu za siri kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe, maana hadi wiki ya tatu hivi hawezi kujisaidia mwenyewe.

Kisha pata mizani ya jikoni. Wapime kila siku saa ile ile na uandike. Mtoto mzima huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Siku asiyoongezeka, kagua chupa na idadi ya milo. Siku anayopungua, usingoje kesho.

SWALI: Kikundi cha hapa kwetu kimeninyima paka mpaka niweke wavu madirishani. Pia wanataka pesa, na nisaini kwamba nitamfunga kizazi. Mombasa hii paka wamejaa kila kichochoro, kwa nini nipewe masharti?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Huyo wa kichochoroni ni bure mpaka utakapomfikisha kwa daktari. Pesa unayoombwa hurudisha sehemu ya gharama za chanjo, dawa ya minyoo na upasuaji, na mara nyingi haizifikii zote. Kuhusu kizazi, jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, anaibeba kwa siku 63 hadi 65, na anaweza kuipata nyingine angali ananyonyesha. Basi kikundi kinachotoa jike bila sharti hilo kinajitengenezea kazi ya mwakani.

Wavu tunauunga mkono ukiwa ghorofani. Paka huanguka akifukuza njiwa, na chandarua cha kawaida cha mbu anakichana kwa kucha. Weka wavu wa chuma uliopigiliwa kwenye fremu.

Ila masharti yawe ya pande zote mbili. Nawe dai kadi yenye tarehe za chanjo, tarehe na jina la dawa ya minyoo, na jibu la wazi kama paka alikaa na wagonjwa. Wakikwambia kadi italetwa, ngoja iletwe kwanza.

SWALI: Mtoto wa paka niliyekuwa nikimlea alitapika, akaharisha damu, akafa kwa siku mbili. Daktari alisema ni panlukopenia. Nimeosha nyumba nzima kwa Dettol. Kikundi kina wengine wanne wanaosubiri nafasi. Niwachukue lini?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Pole sana. Usiwachukue kwa sasa, na hiyo Dettol iondoe kabisa. Virusi vya panlukopenia, ambavyo wengine huviita parvo ya paka, havifi kwa Dettol wala kwa dawa nyingi za sakafu zenye manukato. Vinaweza kuishi ndani ya nyumba hadi mwaka. Halafu Dettol yenyewe ni sumu kwa paka: anaikanyaga, anajilamba miguu, inamwingia tumboni.

Kinachoviua na kinachopatikana dukani ni jiki. Ila soma kibandiko kwanza. Maelekezo mengi ya nje yanasema sehemu moja ya jiki kwa 32 za maji, na hayo ni ya jiki ya asilimia 5 na zaidi. Ya madukani kwetu mara nyingi ni asilimia 3.5, kwa hiyo changanya kikombe kimoja na vikombe 20 vya maji. Anza kwa kuosha kwa sabuni na kusuuza, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu jiki kabla haijafika kwenye virusi. Hapo mwaga jiki, eneo libaki limelowa dakika 10 kamili, ndipo usuuze na kukausha. Sakafu ya simenti isiyo na vigae ina vinyweleo. Rudia mara mbili. Tengeneza mchanganyiko mpya kila siku, fungua madirisha, na kamwe usiuchanganye na dawa nyingine ya choo, maana moshi wake unadhuru mapafu.

Boksi, mito, mkeka na ubao wa kukwaruzia, choma. Vyombo vya plastiki vilivyochubuka navyo tupa. Watu husahau viatu: nyayo ndizo zinazobeba ugonjwa huu kutoka nyumba hadi nyumba.

Hata ukifanya yote hayo, hao wanne kama ni wadogo waende kwa mlezi mwingine. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na kabla ya hapo mtoto hana kinga ya kutegemewa. Kwako anaweza kuja paka mkubwa aliyemaliza chanjo zake. Kikundi kikikusukuma kwa kuwa nafasi imejaa, kataa. Na wakati mwingine kila mgeni akae siku 14 peke yake, bafuni au chumba chenye mlango, na vyombo vyake, nawe umhudumie wa mwisho baada ya wenyeji. Dalili za ugonjwa huu huchukua kati ya siku 2 na 10 kuonekana, kwa hiyo hizo siku 14 si za mapambo.

SWALI: Nina paka dume wa miaka sita. Jana nimeleta jike wa kuasili, nikawaweka sebuleni wazoeane. Wamepigana vibaya, sasa jike yuko chini ya kabati na hajala. Nimrudishe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Bado mapema. Ulichokosea ni kuwakutanisha siku ya kwanza. Mpe jike chumba chake chenye trei ya mchanga ya kujisaidia, maji na mahali pa kujificha, mlango ufungwe. Siku mbili tatu za mwanzo wabadilishie vitambaa walivyolalia. Kisha walishe kila mmoja upande wake wa mlango, bakuli zikianzia mbali na kusogezwa kila mlo, ilimradi wanakula bila kunguruma. Wakishazoea, weka wavu badala ya mlango. Kukutana uso kwa uso kuje mwishoni, kwa dakika chache, tena wakiwa wameshiba. Wiki mbili hadi nne ni kawaida. Trei ziwe tatu kwa paka wawili, na zisipangwe zote pembe moja, kwani mkubwa atakaa njiani amzuie mwenzake.

Kujificha kusikutishe, ila kutokula kuna kikomo. Paka mkubwa akipitisha saa 48 bila kugusa chakula, muone daktari. Ini lake linaweza kujaa mafuta. Na huyo dume, ukimwona anakwenda kwenye trei mara kwa mara, anajikaza na mkojo hautoki, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Usimpe panadol katika hali yoyote: kidonge kimoja kinatosha kumuua paka.

SWALI: Nina ujauzito wa miezi mitatu. Mama mkwe anataka paka wetu aondoke. Na nimeshaahidi kikundi kuwalelea watoto wawili.
Msomaji, Unguja

JIBU: Paka wako abaki. Vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vikitoka kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo trei isafishwe kila siku, na mtu mwingine. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa ni njia kubwa zaidi ya maambukizi. Mweleze mama mkwe kwa upole, na ikibidi nenda naye kliniki amsikie mkunga. Lakini ahadi ya hao wawili ivunje bila haya. Paka wachanga waliotoka nje ndio wanaoelekea zaidi kutoa vimelea hivyo.

SWALI: Paka niliyemlea miezi miwili anachukuliwa Jumamosi na familia ya Kimara. Hapa anakula ugali kwa dagaa. Niwape nini cha kuondoka naye?
Msomaji, Mbezi

JIBU: Kwanza ugali upunguze sana, paka ni mla nyama. Dagaa wachemshe, umwage maji ya chumvi, na mchanganyie moyo wa ng'ombe au wa kuku uliochemshwa kidogo, kwa ajili ya taurini, kirutubisho ambacho akikikosa moyo wake na macho yake huharibika. Samaki mbichi kila siku hapana, wanamaliza vitamini B1.

Siku ya kuondoka mpe chakula anachokijua cha siku saba, na waambie wabadilishe kidogo kidogo, robo baada ya robo. Weka kadi yake, tarehe ya chanjo inayofuata, na kitambaa alicholalia ambacho hakijafuliwa. Ongeza kiganja cha mchanga wa trei yake uliotumika, wautie kwenye trei mpya apajue mahali. Asafiri ndani ya kikapu chenye kifuniko kinachofungwa. Mikononi hapana, hata kama ni mpole: honi moja ya daladala inatosha.