Barua za Karakana: Nani Anashika Mashine, Nani Anaandika?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya miaka miwili. Nimezisoma zote, nikachagua tano zinazogusa mambo niliyoyaona kila mwaka nilipokuwa mkufunzi wa ufundi mitambo. Moja nimeijibu kwa urefu, na wenye barua nyingine mniwie radhi.

Shikamoo Mama. Niko mwaka wa kwanza, ufundi mitambo. Karakana tumegawanywa vikundi vya watano watano, kila kikundi mashine moja ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikikata. Tangu muhula uanze wenzangu ndio wanaoshika mashine, mimi napewa daftari niandike vipimo kwa sababu wanasema nina mwandiko mzuri. Ripoti zetu zinapata alama za juu, lakini sijawahi kukata chuma. Nikilalamika nitaonekana mkorofi. Nifanyeje? – Mwandishi wa kikundi

Marahaba, mwanangu. Daftari hilo lirudishe wiki hii hii, usingoje muhula mpya.

Miaka miwili huonekana mingi siku ya kujisajili. Toa likizo, toa mitihani, toa miezi ya fildi, kisha saa za karakana zinazobaki zigawe kwa watu watano wa mashine moja. Fungu lako ni dogo, na hata hilo dogo umewaachia wenzako. Alama za ripoti ni za kikundi kizima, lakini siku ukiajiriwa utakabidhiwa mchoro na kipande cha chuma ukiwa peke yako. Nimewaona wasichana wengi wakimaliza chuo na madaftari safi huku mikono yao haijazoea chuma, na jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyewafukuza kwenye mashine. Walisogezwa pembeni kwa sifa.

Kwa mkufunzi usiende na malalamiko, nenda na ratiba. Chora jedwali lenye majina matano na kazi tano: anayekereza, anayepima, anayesoma mchoro, anayeandaa zana na kusafisha, anayeandika. Kila kipindi majina yanasogea nafasi moja. Mpelekee kabla ya kipindi, wakati mashine zimenyamaza, umwambie, "Mwalimu, tunaomba tuzunguke hivi ili kila mmoja afanye kila kazi." Karatasi ya namna hiyo inampunguzia mkufunzi kazi, na ni wachache wataikataa. Wenzako wakinuna, waache wanune. Baada ya wiki chache watazoea. Na ninyi wavulana mnaosoma ukurasa huu, kama kwenye kikundi chenu kuna msichana ambaye hajawahi kushika mashine, msingoje alete jedwali. Mpisheni.

Zamu yako ya kupima ikifika ipokee kwa uzito wake, maana kupima nako ni ufundi. Maikromita, kifaa cha kupimia unene, ya kawaida ya milimita ina skrubu ambayo kwa mzunguko mmoja husogea milimita 0.5, na ngoma yake imegawanywa mistari 50. Ndiyo maana mstari mmoja ni milimita 0.01. Ukisoma 12.5 kwenye pipa na mstari wa 27 kwenye ngoma, kipimo ni milimita 12.77. Kaza kwa kile kitufe cha mwisho kinacholia na kuteleza. Ukikaza kwa nguvu za vidole, kila mtu kikundini atapata jibu lake.

Halafu kuna joto, jambo ambalo mwandishi wa kikundi hawezi kulijua akiwa amekaa na daftari. Chuma kinapotoka kukatwa huwa cha moto, na kikiwa cha moto kimetanuka. Shafti, yaani mhimili wa mviringo, ya chuma yenye kipenyo cha milimita 50, ikipata joto la nyuzi 40 zaidi, huongezeka takriban milimita 0.024. Sasa tuseme mchoro unataka usahihi wa milimita 0.02. Mwanafunzi anapima shafti ikiwa bado ya moto, anaona imezidi kidogo, anapitisha kisu mara moja tena, kipimo kinakubali, anafurahi. Shafti inapoa, inanywea, na ikipimwa na mkufunzi ni nyembamba kuliko inavyotakiwa. Chuma kilichokatwa hakirudi. Kwa sababu hiyo vipimo vya uhandisi vimewekewa joto moja la rejea, nyuzi 20 za Selsiasi. Kwa hiyo mashine ikishasimama kabisa, sogeza kiganja karibu na shafti kabla hujaipima. Kama bado inatoa joto, ngoja.

Wakati unasubiri zamu ya mashine, omba jiliwa, kibanio cha benchi, na tupa, chuma cha meno cha kusugulia. Wanafunzi wengi huidharau tupa kwa kuwa haina mota, lakini mimi namtambua fundi kwa tupa kabla hajawasha chochote. Tupa hukata ikienda mbele tu. Ikirudi, legeza mkono. Ukishapiga uso wa kipande, weka makali ya skweya, ile rula ya chuma ya pembe mraba, juu yake, inua vyote viwili kuelekea kwenye mwanga, utazame katikati yao. Penye bonde mwanga hupenya, hata mwanya ukiwa mwembamba kuliko unywele. Mwanzoni utaona giza katikati na mwanga huku na huku, kwa sababu mkono ambao haujazoea huyumbisha tupa na kula kingo. Punguza mwendo, ikaze mikono yote miwili ishikilie usawa mmoja, rudia. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya kikundi chako.

Mama, niko umeme, mwaka wa kwanza. Kwa vitendo niko vizuri, nyaya nazipanga zinapendeza, ila hesabu zinanitoa jasho. Tumeambiwa volti 230 mara kipeuo cha pili cha 3 ni 400, nikakariri. Nikiulizwa kwa nini, sina jibu. Nibadili fani? – Mkariri

Usibadili. Chukua karatasi, rula na kipimapembe. Weka nukta moja, kutoka hapo chora mstari wa milimita 115. Kutoka nukta ile ile chora mwingine wa milimita 115, pembe kati yao iwe nyuzi 120. Tuseme kila milimita ni volti 2, basi kila mstari ni volti 230: ni volti kati ya fezi moja (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha). Sasa pima kutoka ncha ya mstari mmoja hadi ncha ya mwingine. Utapata milimita 199 hivi, ambazo ni volti 398, na ndizo watu huziita 400. Umepima volti kati ya fezi na fezi kwa rula. Kipeuo cha pili cha 3, yaani takriban 1.732, kimetoka kwenye zile nyuzi 120 ambazo fezi tatu hupishana.

Wengi wanaosema hawawezi hesabu, nikiwakalisha na mchoro wanaweza. Walichokosa ni mtu wa kuwaonyesha kwamba ile namba inatoka kwenye kitu. Kwa hiyo kila jioni chukua kazi moja uliyoifanya karakana siku hiyo uikokotoe. Umefunga waya kwenye soketi? Tafuta mkondo utakaopita, kisha joto. Joto kwenye waya huenda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Ukiikokotoa hiyo mara chache kwa waya ulioushika mwenyewe, hutasahau tena kwa nini unene wa waya huchaguliwa kabla ya kuupitisha ukutani.

Shikamoo. Nasoma mchana, usiku nafanya kibarua ili nilipe ada. Kipindi cha karakana ni cha asubuhi na mara nyingi nafika nikiwa na usingizi. Kuna siku nilisinzia nimesimama. Ninaogopa kumwambia mkufunzi asije akanitoa. – Wa zamu mbili

Marahaba. Mwambie kesho asubuhi, kabla mashine hazijawashwa. Kukosa kipindi kimoja kuna njia ya kufidia. Kidole hakina.

Kwenye mashine inayozunguka hakuna glavu, hakuna mikono ya shati inayoning'inia, nywele zimefungwa, na ufunguo wa kukazia kipande hautoki mkononi mwako mpaka uwe umeurudisha mahali pake, kwa sababu ukisahaulika kwenye mashine ikawashwa unaruka kama jiwe la kombeo. Kanuni hizi zote zinamtegemea mtu aliye macho. Siku usiyolala, omba kazi ya benchi, kuchora au kunoa kwa mkono, uiache mashine kwa aliyelala. Mkufunzi anayejua hali yako anaweza kukubadilishia kundi la mchana. Asiyejua ataona mvivu tu. Kuhusu ada, nenda pia ofisi ya wanafunzi uulize kama unaweza kulipa kwa awamu. Wengi hawaulizi kwa aibu, na wanaendelea kukesha.

Mama, wenzangu niliomaliza nao shule wako chuo kikuu. Kila tukikutana ukoo, wananiuliza nitaenda lini "chuo cha kweli". Nimeanza kuficha ninakosoma. – Wa miaka miwili

Usifiche. Henry Maudslay alianza kazi akiwa na miaka 12 kwenye ghala la silaha la Woolwich, Uingereza, na karibu na mwaka 1800 alikuwa ametengeneza mashine ya kukereza iliyokata nyuzi za skrubu kwa usahihi ambao viwanda vilikuwa havijauzoea. Joseph Whitworth alifanya kazi benchi kwenye karakana ya Maudslay, na mwaka 1841 akapendekeza nyuzi za skrubu za kipimo kimoja kwa wote. Kabla ya hapo kila karakana ilikuwa na nyuzi zake, na nati ya huku haikuingia bolti ya kule. Wote wawili walitokea benchi.

Kama kweli unataka kuendelea hadi shahada, ulizia ofisi ya taaluma mapema, mwaka wa kwanza, ni alama zipi zinahitajika na masomo gani yatahesabiwa. Lakini uwe unalitaka wewe. Usilifanye kwa ajili ya swali la kwenye kikao cha ukoo.

Shikamoo Mama. Niko fildi kiwandani, idara ya matengenezo. Wiki zinapita nafagia na kubeba boksi la zana. Logibuku yangu, daftari la kazi za kila siku, imejaa "tulifanya matengenezo" na msimamizi wa chuo anakuja karibuni. Nahisi napoteza muda. – Mbeba boksi

Marahaba. Boksi la zana ni tiketi yako ya kuingia, kwa sababu anayelibeba ndiye anayesimama karibu zaidi na fundi mashine inapofunguliwa. Lijue kwanza. Fundi akinyoosha mkono, mpe spana sahihi kabla hajaitaja. Akiona unafuata kazi yake ataanza kukueleza bila kuombwa, na muda si mrefu atakuambia, "Hebu fungua wewe hiyo."

Kabla ya kufungua chochote, tazama wanavyokata umeme. Mahali penye utaratibu mzuri kila fundi anayeigusa mashine hufunga kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu na ufunguo anakaa nao. Kisha wanapima kuthibitisha kuwa umeme haupo: kipimo kinajaribiwa kwanza mahali penye umeme unaojulikana, kinapimwa kwenye mashine, halafu kinajaribiwa tena pale pale pa kwanza, isije ikawa kimekufa katikati. Kama hapo ulipo hawafanyi hivyo, mikono yako isiingie ndani ya mashine, hata ukiambiwa ni dakika moja tu. Hilo nakuamuru kama mzazi.

Sasa logibuku. "Tulifanya matengenezo" haimwambii msimamizi chochote, na wewe mwenyewe baada ya mwaka hutajua ulifanya nini. Andika dalili, chanzo, kilichofanyika na namba ya kifaa. Kwa mfano: pampu ilikuwa inanguruma na mwili wake umepata moto upande wa mota, mkanda ulikuwa umekazwa kupita kiasi na umeielemea beringi (pete yenye gololi inayoshikilia shafti ikizunguka), tumebadilisha beringi namba 6205 na kurekebisha mkanda. Namba hiyo usiiandike tu, isome. Kwenye beringi za aina hiyo tarakimu mbili za mwisho, zikianzia 04, ukizizidisha kwa 5 unapata tundu la ndani kwa milimita, kwa hiyo 05 ni milimita 25. Kipenyo cha nje cha 6205 ni milimita 52 na upana 15. Ukishajua hivyo unaweza kutumwa stoo ukarudi na kitu sahihi hata lebo ikiwa imefutika, kwa kupima tu.

Chora pia, hata kama mchoro si mzuri: beringi ilikaa wapi, mkanda ulipita wapi, boliti zilikuwa ngapi. Siku ambazo kweli ulifagia, andika ulifagia wapi na ulikuta nini chini ya mashine. Unga wa chuma, mafuta, vipande vya mpira wa mkanda: kila kimoja kina mahali kilipotoka, na fundi akisikia umeuliza kuhusu vipande hivyo atakuita uone. Mpe asome ukurasa na atie sahihi jioni hiyo hiyo. Zile wiki zilizopita, kaeni naye mzijaze kwa kadiri anavyokumbuka, kabla msimamizi wa chuo hajafika.