Kirikuu ya umeme inazima mlimani na volti zipo? Pima seli moja moja

Mkuu, umesema kirikuu uliyoifunga mota ya umeme inazima ukipanda mlima ilhali mita inasoma volti 95, na fundi anataka ununue betri mpya zote. Usitoe hela kwanza.

Piga hesabu. Una seli 30 za LiFePO4, aina ya betri ya lithiamu. Ukikanyaga pedali, 29 zikashikilia volti 3.2 na moja ikaporomoka hadi 2.3, jumla ni 95.1. Mita inaona mambo safi, BMS, kifaa kinacholinda betri, inaona seli iko chini ya 2.5, inakata umeme. Iko sahihi kabisa, kwa hiyo wanaokushauri uiruke hiyo BMS wanakutafutia hasara. Seli ikilazimishwa kupita sifuri, imekufa.

Mimi nikiendesha naangalia usomaji wa seli ya chini kuliko zote, basi. Gari ikiwa imepaki volti zinadanganya: seli hizi hukaa karibu na 3.3 ziwe na chaji asilimia 40 au 65. Tofauti hujitokeza zikikaribia kujaa au kuisha, au zikibebeshwa mzigo.

Kabla ya kuilaumu seli, kagua nati. Seli ikisoma chini wakati wa kupanda na juu kuliko wenzake wakati wa kuchaji, shuku ukinzani, yaani umeme unapita kwa shida. Weka ncha za maltimita kwenye vichwa vya seli vyenyewe, kisha kwenye vipande vya kuunganishia, mwenzio akiwa amekanyaga. Namba zikipishana, kiungo kimelegea au kimeota kutu nyeupe. Zima kila kitu, sugua, kaza. Vua pete na saa, funga spana kwa tepu. Volti 96 za DC zinaua.

Kiungo kikiwa kizima, sawazisha chaji za seli. BMS nyingi za bei nafuu husawazisha kwa ampea 0.1 tu, tena chaji ikikaribia kujaa. Seli iliyopungukiwa Ah (ampea-saa) 5 itahitaji saa 50 za kukaa karibu na kujaa, na hakuna anayeacha gari kwenye chaji hivyo. Kwa hiyo chaji zote hadi BMS ikate, zifungue, ziunge sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, uzipe volti 3.65 mpaka ampea zishuke karibu na sifuri. Inachosha, lakini huifanyi kila mwezi.

Ukirudisha gari barabarani na seli ileile ikatangulia kuanguka, ujazo wake umekwisha. Badilisha hiyo moja, na hiyo mpya uijaze hadi 3.65 kabla ya kuifunga. Tuwekee hapa usomaji wa seli zote 30 ukiwa mlimani, tuuone.