Umbo la trauti: damu au malisho?
Umeleta picha za trauti wawili, samaki hawa wa maji baridi, wa vijito tofauti, ukiuliza kama umbo lao hutofautiana kwa malisho tu. Si malisho tu, kaka. Trauti wa kijito kimoja kutofautiana umbo na wa kijito kingine, sehemu yake ni ya kurithi. Hupimwa hivi: mayai ya vijito tofauti hulelewa kwa maji na chakula sawa, vifaranga wakikua bado hawafanani, hiyo ni damu. Salmoni, binamu yake, wa mto Miramichi kule Kanada walipimwa hivyo: wa maji ya kasi wakatoka wembamba, waliochongoka, na mapezi makubwa. Ila mkondo wenyewe nao humfinyanga samaki angali mdogo, kwa hiyo picha mbili pekee hazitoshi kuamua. Na trauti usimtafute mto Sabaki, lile tope la vuguvugu halistahimili. Yeye ni wa vijito baridi vya Mlima Kenya huko.