Tanga si mkonge tu

Umeuliza kama Tanga kuna utafiti wowote nje ya mkonge. Upo ndugu yangu, tena wa siku nyingi. Kule Amani, milimani, Wajerumani walifungua kituo cha mimea na kilimo tangu 1902. Siku hizi NIMR Amani, kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wako Muheza, na malaria ndiyo kazi yao kubwa. Chandarua chenye dawa kinatundikwa kwenye kibanda cha majaribio, mtu analala humo usiku kucha, alfajiri mbu wanaokotwa mmoja mmoja, wafu mbali na wazima mbali. Chanjo ya malaria ya RTS,S nayo ilijaribiwa kwa watoto wa Korogwe na Bagamoyo kabla WHO haijaipitisha 2021. Na huo mkonge usiudharau: chotara 11648, unaolimwa mpaka China, umetoka Tanga hapa hapa.