Sindano za homoni ya ukuaji: za mwanangu, na za mdogo wako wa miaka 21

Ndugu uliyeuliza kama umnunulie mdogo wako wa miaka 21 sindano za homoni ya ukuaji ili arefuke, nakuomba usinunue. Mwanangu anachomwa sindano hizo kila usiku, huu mwaka wa tano.

Mtu hurefuka kwenye gegedu laini zilizo karibu na ncha za mifupa mirefu. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutoa homoni hii zaidi tukiwa usingizini, ndiyo maana tunachoma usiku. Ini likiipata hutoa kichocheo kingine, IGF-1, na viwili hivyo hukuza gegedu mpaka ziwe mfupa. Kubalehe kukikamilika, gegedu hufunga. Hapo dawa haina pa kurefusha: itamvimbisha, itampandishia sukari, na ikizidi itampanua taya, viganja na nyayo.

Mwanangu alikuwa na miaka 7, ndugu wakisema ni ukoo tu, hata baba yake alichelewa. Mimi nilikuwa nachora alama za penseli kwenye fremu ya mlango. Mwaka mzima sentimita 3, wakati umri ule mtoto huongeza 5 au 6! Daktari alianza na alama zile. Eksirei ya kiganja cha kushoto ikaonyesha mifupa ya mtoto wa miaka 4. Kisha mwanangu akashinda asubuhi nzima na njaa, anapewa dawa ya kuichokoza tezi na kutolewa damu mara kwa mara. Tezi haikuitika. Mwaka wa kwanza wa sindano aliongeza sentimita 10. Nililia pale mlangoni.

Mliosikia kwamba homoni hii hutolewa kwa maiti, hiyo ilikuwa zamani. Ilisimamishwa 1985 baada ya baadhi ya waliotibiwa kufa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha ya maabara, inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Husaidia pia wasichana wenye Turner (hitilafu ya kromosomu ya kuzaliwa nayo), watoto wenye ugonjwa sugu wa figo, na watu wazima ambao tezi yao imeharibiwa na uvimbe, ingawa hao hawarefuki.

Bei inaumiza. Na itunzwe kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ikiganda imekufa. Mimi nilitupa dozi za wiki mbili kwa kuziweka karibu na friza.

Ila kama mdogo wako hajabalehe sawasawa, sauti bado ya kitoto na ndevu hakuna, mpeleke kwa daktari wa homoni apigwe eksirei ya kiganja. Huyo mifupa yake huenda bado haijafunga.