Maswali ya Wasomaji: Sanamu za Nadhiri za Ugiriki ya Kale

SWALI: Katika jumba la makumbusho niliona sanamu mbili za udongo kutoka Sisilia, za mwanamke aliyebeba nguruwe mdogo. Sura ni ileile, ila moja ina sentimita 20 na nyingine 16, na uso wa hiyo ndogo umefifia. Je, ndogo ilitengenezwa na mwanafunzi?

JIBU: Si lazima. Yaelekea ndogo ni "mtoto" wa kubwa. Fundi alifinyanga sanamu ya kwanza kwa mkono, akaioka, kisha akaikandamizia udongo mbichi ili apate kalibu, nayo akaioka. Kila sanamu mpya ilikandamizwa ndani ya kalibu hiyo. Kalibu ikichakaa, au fundi mwingine akiutamani mtindo huo, alitengeneza kalibu nyingine kutoka kwenye sanamu iliyokwisha kuokwa.

Hapo ndipo kimo kinapopotea. Udongo husinyaa unapokauka na kuokwa, tuseme kwa asilimia 10. Sanamu ya sentimita 20 huzaa kalibu ya 18, na kalibu hiyo huzaa sanamu ya 16 na kidogo. Kope na mikunjo ya nguo hufifia kila mara. Mafundi wengine waliichonga upya nywele kwa kijiti udongo ukiwa umeanza kukaza, kwa hiyo nywele kali juu ya uso uliofifia ni dalili nzuri ya kizazi cha baadaye.

Ukitaka kulinganisha, usipime kimo chote, kwa sababu kitako na kofia vingeweza kubadilishwa. Pima kutoka kidevuni hadi mwanzo wa nywele.

SWALI: Kwa nini nyingine zina tundu mgongoni?

JIBU: Ni tundu la kutolea mvuke. Sanamu yenye uwazi ndani, ikizibwa kila upande, unyevu uliobaki hugeuka mvuke tanurini na kuipasua. Nyingi za bei nafuu zilitumia kalibu ya mbele tu, na mgongo ukazibwa kwa bamba la udongo au ukaachwa wazi. Za Tanagra, mji wa Ugiriki ya kati, za karne ya 4 na ya 3 KK, mara nyingi zina kalibu ya mbele na ya nyuma, na kichwa kiligandishwa baadaye kwa uji wa udongo. Ndiyo maana shingo huvunjika kwanza.

Rangi zilipakwa baada ya kuoka, juu ya tabaka jeupe, kwa hiyo hazikushikamana na udongo. Kuzisugua kwa maji ni kuzifuta kabisa.

SWALI: Huyo mwanamke ni mungu au mwabudu?

JIBU: Nguruwe alikuwa sadaka ya Demeter, mungu mke wa nafaka, kwa hiyo anayembeba huenda ni mwabudu. Kofia ndefu ya duara humwelekeza mtazamaji kwa mungu mke, ingawa peke yake haitoshi. Tazama vyote pamoja, na mahali ilipofukuliwa: kilichotolewa kwa mungu kilibaki mali yake, hivyo sanamu zilizojaa hekaluni zilizikwa palepale ndani ya uwanja wake.